Nampeleka mama harusini Positano, Italia. Tupitie wapi kutoka Nairobi?

KijanaWaSouthC

Habarini wanajukwaa. Natafuta mtu aliyefika kusini mwa Italia mwenyewe, aliyebeba mzigo na kupanda ngazi za kule.

Dadangu mdogo anaolewa Positano mwishoni mwa Septemba. Bwana harusi ni mwenyeji wa hapo hapo. Walijuana Malindi, na aliyekulia Malindi hatashangaa, maana Waitaliano tumeishi nao tangu nikiwa mtoto. Mama yetu alifua na kupiga pasi miaka mingi katika hoteli ya Mwitaliano, Kiitaliano anakizungumza bila kutafuta maneno. Siku hizi anaishi nami hapa South C.

Shida ni hii. Mama ana miaka 71 na goti la kulia limechoka. Ngazi chache anapanda akishikwa mkono, zikiwa nyingi analala na maumivu. Tena kona za barabarani hazimpatani: tukishuka Mai Mahiu lazima tusimame atapike. Baharini lakini hana neno. Ni mtoto wa mvuvi wa Mambrui, mawimbi hayamsumbui hata kidogo.

Nimeangalia ramani. Positano haina reli wala uwanja wa ndege. Huyu anasema tushuke Roma, yule anasema Napoli, kuna treni ya Sorrento halafu basi, kuna feri, kuna teksi. Wote wanataja nauli na saa, sijaona anayetaja ngazi. Sina pesa za kumwaga, ila sitabana pale ambapo mama ndiye atakayeumia. Nyinyi mngempitisha wapi?

TiketiMjini

Kaka, hongereni kwa harusi. Mimi nakata tiketi hapa katikati ya mji, nitasema ya ndege tu.

Roma mnaifikia kwa kubadilisha ndege mara moja: Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul. Kwenda Napoli, wateja wangu wengi hupitia Istanbul, wengine Paris. Mkipitia Paris mnakaguliwa pasipoti pale pale Paris kwa sababu ndipo mnapoingilia Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye visa moja, na foleni inaweza kula muda wa kuunganisha. Mkipitia Istanbul ukaguzi unafanyika Napoli, mkiwa mmeshafika. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuchukua alama za vidole na picha mpakani badala ya mhuri wa zamani, kwa hiyo usikubali tiketi ya kuunganisha kwa saa moja.

Na hili usilisahau: omba kiti cha magurudumu cha mama siku ile ile unayokata tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari. Hakilipiwi. Uwanja wa Istanbul ni mkubwa mno, kwa goti hilo asiutembee.

Visa msingoje. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Barua ya mwaliko kutoka kwa dada iwe na anwani kamili ya mahali mtakapolala.

ShangaziBuruburu

Mwanangu, nimelisoma swali lako nikafurahi kwamba umeanza na goti. Nilikaa Sant'Agnello miaka, nikitunza wazee majumbani. Ni mji uliopakana na Sorrento. Kazi ile inakufundisha njia zote ambazo mtu mwenye miguu mibovu anaweza kupita na zile asizoweza. Bibi niliyemtunza mwisho alikuwa na dada yake Positano na tulikuwa tukimtembelea, kwa hiyo haya ninayokuandikia niliyapita nikiwa nimeshika mkono wa mtu.

Usianzie Nairobi kupanga. Anzia kwenye mlango wa nyumba atakayolala mama, urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uwanja wa ndege wa JKIA. Positano imejengwa kwenye ubavu wa mlima unaoangukia baharini. Juu kabisa inapita barabara kuu, SS163. Ndani ya mji kuna barabara moja tu ya magari, nayo inashuka kwa mzunguko mpaka uwanja mdogo wa Piazza dei Mulini. Kutoka Mulini kwenda kanisani na ufukweni gari halipiti, ni kichochoro cha mteremko na ngazi. Kwingineko kote, nyumba na nyumba zinaunganishwa na ngazi za mawe, nyingine nyembamba hata watu wawili hawapishani na sanduku.

Basi tofauti ni kubwa kati ya kulala karibu na ufukwe na kulala juu. Feri inakushusha chini kabisa, kwenye gati la ufukwe mkubwa, Spiaggia Grande. Basi la kutoka Sorrento linakushusha juu, kituo cha Chiesa Nuova, na likiendelea linasimama tena Sponda. Ukishuka Chiesa Nuova na chumba kiko ufukweni, umempa mama mlima mzima wa kushuka, na goti bovu huumia zaidi kushuka kuliko kupanda. Ukishuka kwenye feri na chumba kiko juu, ni mlima ule ule kinyume. Muulize dada leo: tunalala wapi, na kutoka gari linaposimama au kutoka gatini mpaka kitandani kuna ngazi ngapi? Azihesabu mwenyewe kwa miguu. Wenyeji wa kule wamezizoea, ukiwauliza tu watakwambia "chache".

Sasa njia zenyewe.

Ile ya Circumvesuviana, treni ya Napoli kwenda Sorrento, ndiyo watalii wanayoisifu kwa sababu nauli haifiki yuro 5. Kwa kijana ni sawa. Kwa mama yako sikubali. Inasimama kila mahali kwa zaidi ya saa nzima, mabehewa mengi ni ya zamani na ya joto, viti havina namba, na wezi wa mifukoni wanaijua kama wanavyoijua steji ya Machakos. Siku mkiipanda kwa matembezi, pandeni Porta Nolana inakoanzia, kituo kimoja kabla ya Garibaldi, angalau mpate viti. Ni nzuri kwenda kuangalia magofu ya Pompei. Kwa mzigo wa harusi hapana.

Mkitumia treni hiyo, mkifika Sorrento mtabadilisha mpande basi la kampuni ya SITA. Hapo ndipo kona zenyewe. Mlima uko upande mmoja, bahari iko chini upande wa pili, na basi likikutana na basi lenzake moja linarudi nyuma. Septemba bado wageni ni wengi, mnaweza kusimama njia nzima, au lije limejaa lisiwachukue kabisa. Tiketi inanunuliwa kabla ya kupanda, kwenye duka lenye alama ya T, halafu unaigonga kwenye mashine ndani ya basi. Mtu anayetapika Mai Mahiu asipandishwe basi hilo akiwa amesimama.

Ningekuwa mimi, ningepitia Salerno. Watu huisahau kwa sababu haina jina kubwa, lakini treni ziendazo kasi zinafika mpaka pale. Stesheni iko katikati ya mji, na kutoka mlangoni pake mpaka gati la Piazza della Concordia ni dakika chache za kutembea, tena tambarare kabisa. Feri za Travelmar zinaondoka hapo, zinapita Amalfi na kufika Positano kwa dakika 70 hivi. Zinafanya kazi kuanzia Aprili hivi mpaka Oktoba, kwa hiyo Septemba mko ndani ya msimu. Mama atakaa, atapigwa na upepo wa bahari, na pwani yote itakuwa upande wake wa kulia: kuba la kanisa la Vietri lenye vigae vya rangi, Cetara wanakovua jodari, Minori, Amalfi.

Kushuka ndiko kwa kuangalia. Kuna ubao unaotolewa kutoka feri mpaka gatini, nao unapanda na kushuka na wimbi. Mabaharia husimama pale kushika watu mikono. Ngojeni umati ushuke, mama aende mwisho taratibu, wewe uwe nyuma yake na mikono mitupu. Masanduku yapitishe kwanza au mwachie baharia. Pale gatini mtaona wapagazi, kwa Kiitaliano facchini. Mkubaliane bei kwanza, wakipeleke kila kitu mpaka chumbani.

Kuhusu Roma au Napoli: mkishuka Roma, treni ya Leonardo Express inatoka ndani ya uwanja wa Fiumicino mpaka stesheni ya Termini kwa dakika 32, yuro 14 kila mtu. Kutoka Termini mnapanda treni ya kasi, Frecciarossa au Italo, mpaka Salerno, kama saa mbili. Mkishuka Napoli, uwanja uko karibu sana na stesheni ya Napoli Centrale. Kuna basi la Alibus, ila kwa mama chukua teksi na useme kabla ya kuingia unataka "tariffa predeterminata", yaani bei iliyopangwa na manispaa. Ukishaondoka bila kusema hivyo, mita inaanza kuhesabu. Kutoka Centrale kuna treni nyingi za Salerno. Bei ikikaribiana, mimi nachagua Napoli, kwa sababu baada ya ndege ya usiku kila kubadilisha chombo kunamchosha mzee zaidi ya urefu wa njia.

DerevaUmoja

Shangazi amesema vizuri, lakini mbona msikodi gari pale Napoli? Unasimama unapotaka, mama akijisikia vibaya unapaki, mizigo haishuki mpaka mlangoni. Mimi nimeendesha watalii nchi hii yote, kona haziniogopeshi.

ShangaziBuruburu

Kaka, uwezo wako siutilii shaka. Shida ni pa kupaki. Hiyo ya "unasimama unapotaka" haipo kwenye SS163, pembeni hakuna nafasi hata ya pikipiki. Ndani ya Positano maegesho ni machache na yanalipiwa kwa saa, bei yake itakuumiza roho. Msimu wa wageni kuna pia sheria ya namba za magari: siku moja wanapita wenye namba shufwa, siku nyingine witiri, isipokuwa wakazi, teksi na magari ya kukodi yenye dereva. Huko mijini nako kuna maeneo yaliyofungwa kwa magari ya wageni, kamera inakupiga picha, faini inakufuata mpaka nyumbani. Na leseni yetu peke yake haitoshi, unahitaji ile ya kimataifa inayotolewa na AA, chama cha wenye magari. Yote hayo ili uwe na gari ambalo siku tatu nzima litakaa tu.

Kama ni gari, basi liwe la kukodi pamoja na dereva wa kule. Hiyo ndiyo njia ya pili kwa mama na mwanawe, nitaieleza.

KijanaWaSouthC

Shangazi, Mungu akuweke. Nilimpigia dada jana usiku, nikamwambia ahesabu ngazi kama ulivyosema. Nyumba ya wakwe iko Montepertuso, huko juu mlimani. Lakini chumba cha mama wamekichukua chini, nyuma kidogo ya ufukwe, kwa sababu harusi ni katika kanisa la Santa Maria Assunta. Kutoka gatini mpaka chumbani amehesabu ngazi 14, na zina mkono wa kushikia. Kutoka Piazza dei Mulini ameziacha kuhesabu, amesema tu tusipitie huko.

Kwa hiyo feri. Ila naogopa kitu kimoja: bahari ikichafuka? Harusi ni Jumamosi. Na mama anauliza kama anaweza kubeba nazi, maembe na nyama ya kukausha ya mbuzi, anataka apike kitu cha kwao siku ya kwanza. Nimemwambia ningoje majibu.

ShangaziBuruburu

Ngazi 14 zenye mkono wa kushikia! Huyo mkwe ana akili, mpeni mbuzi.

Bahari ikichafuka feri hazitoki, hilo ni kweli, na mwisho wa Septemba upepo unaweza kubadilika. Kwa hiyo msifike Ijumaa. Fikeni Napoli Jumatano, mlale Salerno usiku huo. Vyumba vya Salerno ni nafuu sana kuliko vya Positano, na jioni mama anaweza kutembea Lungomare, ile njia ndefu ya mitende kando ya bahari, hakuna hata kidato kimoja. Alhamisi asubuhi mpande feri. Alhamisi ikiharibika, mnayo Ijumaa. Asubuhi ni bora kuliko alasiri, bahari huwa imetulia zaidi na wale wa matembezi ya siku moja hawajajaa.

Ijumaa nayo ikiharibika, ndipo mnachukua gari lenye dereva. Lakini sikiliza: lisipite pwani yote kutoka Salerno kupitia Amalfi, hizo ni kona mwanzo mpaka mwisho. Mwambie dereva apite barabara ya lipa ya A3 mpaka Castellammare, kisha Vico Equense, Meta, halafu ashukie Positano. Ni mzunguko mrefu zaidi, lakini kona kali ni za kipande cha mwisho tu. Mama akae mbele, ale kitu kikavu kabla, na ajue kwamba mwisho wa safari hiyo watashukia Mulini, kwa hiyo wapagazi na mkwe mwenye nguvu wawe wanangoja pale.

Jambo jingine ni migomo. Kule usafiri hugoma, na mara nyingi ni Ijumaa. Wanatangaza mapema, Wizara ya Uchukuzi ya Italia huweka orodha kwenye tovuti yake, dada aiangalie wiki mbili kabla. Hata siku ya mgomo, treni za mikoani zina saa za lazima siku za kazi, 6:00 mpaka 9:00 asubuhi na 18:00 mpaka 21:00. Soma saa zao vizuri, wanaandika kwa saa 24: 18:00 ni saa kumi na mbili jioni yetu. Na Septemba wako nyuma yetu kwa saa moja.

Stesheni ya Napoli Centrale ina huduma inayoitwa Sala Blu kwa wasioweza kutembea vizuri. Ni bure, inaombwa mapema kwa simu au mtandaoni. Wanakuja na kiti, wanampandisha mpaka ndani ya behewa, na Salerno wanampokea. Dada aombe kwa Kiitaliano, au mama aongee mwenyewe, mbona anakijua.

Tiketi ya treni ya Napoli kwenda Salerno msinunue ile ya bei ya chini kabisa isiyobadilishwa, ndege ikichelewa imepotea. Chukueni ya treni ya mkoani, bei yake haipandi hata ukinunua siku ile ile. Ikiwa ya karatasi, igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda. Msipoigonga, mkaguzi hasikilizi kwamba ni wageni.

Sasa chakula. Nyama hapana, ya kukausha, ya kukaanga, yoyote ile. Maziwa na samli pia hapana. Ulaya hairuhusu msafiri kutoka huku kuingia navyo, wanavitupa mbele ya macho yako na wanaweza kutoza faini. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea, usihangaike. Lakini nazi ruksa! Nazi, ndizi, nanasi na tende zinaingia bila cheti. Mwambie mama abebe nazi zake na mbuzi ya kukunia, iende kwenye sanduku la chini si mkononi, maana meno yale ya chuma hayatapita kwenye ukaguzi wa mkoba. Samaki watampata Cetara na Salerno wabichi kabisa, mchele upo. Atapika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwenye jiko la wakwe na watamheshimu.

TiketiMjini

Naongeza moja. Kaka, ukiamua Napoli kupitia Istanbul, tafuta inayofika mchana. Ikifika saa nne usiku mtalala Napoli mtake msitake, na mpango wote wa shangazi unasogea.

KijanaWaSouthC

Nimeshika. Jumatano Napoli mchana, teksi ya bei iliyopangwa mpaka Centrale, Sala Blu, treni ya mkoani, tunalala Salerno, Alhamisi asubuhi feri. Mama nimemsomea yote kwa sauti. Amefurahia nazi kuliko kitu kingine chochote, na ameshaanza kutafuta mbuzi ya kukunia ndogo itakayoingia sandukuni.

Shangazi, la mwisho: tiketi za feri tununue huku au tukifika?

ShangaziBuruburu

Mkifika, mwanangu. Jumatano jioni mkiwa Salerno, tembea mwenyewe mpaka Concordia, uulize bahari ya kesho ikoje, ndipo ununue. Mama mwache apumzike hotelini. Masanduku makubwa hulipiwa kando, kwa hiyo weka sarafu tayari. Na ukifika dirishani uliza feri ipi kati ya za asubuhi ina sehemu ya chini iliyofunikwa, umkatie hiyo.